Fundi na Mpira Uliomgusa

Kama umewahi kushonesha nguo Mulongwe, hapa Uvira, basi unamjua Fundi, hata kama hukuwahi kumwona akicheza. Ni yule uliyemwachia kitambaa Jumatatu akakwambia urudi Alhamisi, ukarudi Alhamisi akakwambia bado vifungo tu, na ulipochungulia chini ya meza ukakiona kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokileta. Kwenye ekipi, timu yetu ya basket, pia tulimwita Fundi. Jina lake lingine, lile la kwenye karatasi za ligi, nalijua, ila silitaji, kwa sababu sidhani angependa.

Nilikuwa kapiteni wake miaka minane, na kuna jambo nililomfanyia. Nitalifikia. Kwa kawaida mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu, lakini nikianza na hilo jambo utadhani alikuwa mnyonge, na Fundi hakuwa mnyonge hata kidogo. Alikuwa mbishi, mchokozi, mchelewaji wa kupindukia, na alikula ndagala kavu wakati wa mapumziko. Wengine tulikula ndizi. Yeye aliingiza mkono mfukoni akatoa ndagala, akatafuna polepole na vichwa vyake, kisha akarudi kiwanjani, na kipindi chote cha pili mpira ulinuka samaki. Tulimsema mpaka tukachoka. Alitujibu kwamba ndizi ni chakula cha watoto.

Uongo wake wa vifungo ulikuwa maarufu. Kwaya moja ya mtaa wa Songo ilimpa kazi ya kushona sare za Pasaka. Jumamosi jioni bado vifungo tu. Jumapili wale akina mama waliimba wakiwa na sare zilizobanwa kwa pini mgongoni, na kila walipovuta pumzi ya nguvu mmoja wao alishtuka katikati ya wimbo. Fundi alikuwa amekaa benchi la mbele, anaimba nao kwa sauti. Kiongozi wa kwaya alipomwuliza kama haoni haya, alisema kuimba kulikuwa kuzuri sana.

Nawataja hao akina mama wa kwaya na pini zao ili uelewe shida tuliyokuwa nayo. Mtu huyohuyo, ambaye hakuna mteja aliyeamini neno lake, akivuka barabara na kuingia kiwanjani hakuweza kusema uongo hata ukimkaba koo.

Hakuwa mchezaji mzuri, niseme wazi. Hakuwahi kuanza mechi. Alikaa benchi na alikuwa wa kwanza kuingia mmoja wetu alipochoka au alipokaribia kutolewa kwa makosa. Alikuwa mfupi, mwenye mgongo mpana, na akirusha mpira golini tulikuwa tunafumba macho. Lakini mpira usio na mwenyewe ulikuwa wake. Ukiteleza, ukiponyoka, ukikimbilia nje, Fundi alikuwa ameshajitupa. Magoti yake yalikuwa na vidonda visivyokauka mwaka mzima, na mke wake aliniambia siku moja kwamba anafua suruali zenye damu kana kwamba ameolewa na mchinjaji.

Wapinzani hawakupenda kulindwa naye, kwa sababu alikuwa anawaongelesha. Hakuwatukana. Aliwauliza habari za nyumbani. Mama anaendeleaje, ile koti ilikutosha mabegani, mtoto ameshapona? Yule mtu anajibu, maana adabu inamlazimu kujibu, na huku Fundi ameshampokonya mpira.

Sasa nieleze ile desturi ya kiwanja chetu, maana mambo yote yalitoka hapo. Kiwanja kiko karibu na mto, na mto wa Mulongwe ukiamua kutoka njiani hauulizi mtu. Mwaka mmoja ulitujazia mchanga na mawe mpaka nguzo za magoli zikabaki nusu. Tulichimba kwa makoleo wiki nyingi. Sakafu ya sima, yaani saruji, tuliikuta, imepasuka hapa na pale, lakini mistari yote ilikuwa imefutika. Rangi hatukuwa nayo. Tukaweka mawe kwenye pembe nne, tukacheza hivyo misimu minne, na hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kiwanja kinaishia wapi au mpira umetokea wapi.

Basi watu wa pale tukakubaliana. Mpira ukitoka, arbitre anapiga filimbi, haonyeshi upande wowote, anangoja. Aliyeugusa mwisho anasema mwenyewe, "Yangu," na mpira unapewa wale wengine. Kila mtu alisema, hata wenye hasira. Ukikana, watu waliosimama pembeni walikuzomea mpaka ukatamani ardhi ipasuke, na mazoezini hakuna aliyekupa pasi. Nilikuwa kijana wakati huo na niliona ni jambo la kawaida tu. Nilifikiri dunia nzima wanacheza hivyo.

Halafu rangi ikaja, mistari ikachorwa, mashindano ya mji yakaanza, na arbitre wageni wakaja na mikono yao ya kuonyesha upande. Ile desturi tuliiacha bila kikao. Mwezi mmoja haukuisha. Arbitre akikosea kwa faida yetu tulitazama chini tukachukua mpira.

Fundi hakuacha. Mpira ukimgusa, alisema. Tulidhani atazoea, hakuzoea. Arbitre wa mji mzima wakamjua, na pale wasipoona vizuri walimgeukia yeye kwanza. Alipokana walimwamini pia, kwa hiyo mipira mingine tulipewa kwa neno lake. Lakini mtu hahesabu mipira aliyopewa. Anakumbuka aliyonyang'anywa.

Mpira tulioukumbuka sisi ulikuwa wa mechi ya kwenda Bukavu. Atakayeshinda anakwenda kucheza na ekipi za huko, na sisi hakuna aliyekuwa ameitwa kucheza nje ya Uvira maishani mwake. Tunaongoza pointi mbili, zimebaki sekunde chache, mpira unatoka karibu na benchi letu, arbitre anaonyesha ni wetu. Kwisha kazi. Watu wameshaanza kuimba. Fundi akasema, "Imenigusa." Wale wakapewa mpira, mmoja wao akarusha kutoka mbali, upepo wa ziwani ukausindikiza mpaka ndani ya goli, pointi tatu. Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi iliyofuata Kocha alituita kiwanjani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, na alisema hawezi kuamua peke yake kama Fundi abaki au aondoke, kwa kuwa ekipi ni yetu. Fundi hakuitwa. Lakini kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, na tulimwona anashona, naye alituona.

Tulibishana karibu asubuhi yote. Aliyetaka aondoke zaidi ya wote alikuwa mfungaji wetu, kijana mrefu wa Songo, ambaye bila pointi zake tusingefika popote. Sikumlaumu. Alikuwa ameacha kazi ya forodhani ili afanye mazoezi kila jioni. Alisema kuona ni kazi ya arbitre na kucheza ni kazi yetu, na mtu anayefanya kazi ya arbitre angekwenda kuvaa nguo za arbitre. Wengine walimpigia makofi. Mmoja wa waliomtetea Fundi aliuliza tutawaambia nini watu wa mtaani wakitaka kujua kosa lake. Tutasema tumemfukuza kwa kusema kweli? Mwingine akaongeza kwamba sisi sote tulisema "yangu" pale pale tuliposimama, tena si zamani. Hapo mfungaji alisimama akasema, "Fundi anatafuta sifa. Nguo za batu anazidanganyia, halafu hapa anajifanya mutakatifu."

Ilituuma kwa kuwa nusu yake ilikuwa kweli.

Kocha akasema tupige kura kwa miguu. Wanaotaka abaki wakasimame chini ya goli la upande wa ziwa, wanaotaka aondoke chini ya goli la upande wa mlima. Walitembea. Watano huku, watano kule, na mimi nimesimama katikati kama mlingoti. Ng'ambo ya barabara mashini ya Fundi ilikuwa imenyamaza. Alikuwa ameshika kitambaa, anatutazama tulivyogawanyika.

Ningetembea hatua kumi na tano upande wowote, mambo yangekwisha. Sikutembea. Nilijiona nina akili kuliko wote, nikasema, abaki, lakini awe ananyamaza. Arbitre akikosea, Fundi asiseme kitu. Hatumwambii adanganye, tunamwambia afunge mdomo. Magoli yote mawili yalifurahi. Kocha peke yake ndiye aliyekuna kichwa, akasema kama tumeridhika, basi.

Nikavuka barabara kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, "Na akiniuliza?"

Nikamwambia akimwuliza, anyamaze vilevile.

Alipenda ile ekipi, hilo lazima ulijue. Mayo zetu zote alizishona yeye, zile jezi za kijani, na ndizo nguo pekee alizowahi kumaliza kabla ya siku aliyoahidi. Mwishowe akasema sawa, Kapiteni, akarudisha mguu kwenye mashini.

Msimu uliofuata alinyamaza. Na tukaanza kuona kitu ambacho hatukukielewa. Hakujitupa tena. Mpira ukienda nje, aliukimbilia hatua mbili, kisha akausindikiza kwa macho. Magoti yake yakapona. Mfungaji akasema mnaona, mzee amekwisha, na mimi nikakubali kwamba labda ni umri. Mke wake alinishukuru kwa ajili ya zile suruali. Hata wapinzani hakuwaongelesha tena, na walimpita kama mlango ulio wazi.

Siku moja baada ya mazoezi nilimwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Nikamwuliza basi mbona mipira inakupita mbele ya pua?

"Kama sigusi," akasema, "hakuna kitu ya kuficha."

Nilipaswa kuitisha kikao siku hiyohiyo. Nilipaswa kuwaambia wote tulichokifanya. Nilimpiga bega, nikamwambia ajitahidi, nikaenda kuoga. Nakuambia ukweli, nilikuwa nawaza Bukavu.

Mwaka ukazunguka, tukafika palepale. Mechi ya kwenda Bukavu, safari hii na vijana wa Kavimvira. Mfungaji alifunga siku hiyo bila kupumzika. Wawili wetu walitolewa kwa makosa, na Kocha akamwingiza Fundi kama alivyozoea. Tunaongoza pointi moja, zimebaki sekunde nane, kijana wa Kavimvira anapita katikati, mpira unamponyoka, unakimbilia mstari wa kando. Na Fundi akasahau. Mwaka mzima alikuwa amejizuia, lakini mwili ulisahau, akajitupa, kidole kikaugusa, mpira ukatoka.

Niliona. Nilikuwa umbali wa mita mbili. Arbitre hakuona, mgongo wa mtu ulimziba. Akapiga filimbi, akamgeukia Fundi kama walivyozoea wote.

"Fundi, imekugusa?"

Alikuwa bado amepiga goti chini, damu inamtoka. Alinitazama mimi. Ndugu msomaji, nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, wenye njaa, wenye deni, wenye msiba, lakini macho yale nayaona hata nikiwa dukani nauza vipuri vya pikipiki. Hakuwa ananiomba nimsaidie kudanganya. Alikuwa ananiomba nimfungulie mdomo.

Nikasema, "Haikumugusa. Iko yetu."

Arbitre hakunijali. Akamwuliza tena, "Fundi?"

Fundi aliinama akafunga kamba za viatu. Arbitre akangoja kidogo. Alimjua Fundi, alijua kwamba kama ungekuwa wake angeshasema. Akaonyesha upande wetu. Tukashinda, watu wakatubeba, mfungaji akalia kwenye bega langu, na nililia naye, si kwa jambo lilelile.

Ijumaa tulikutana alfajiri mahali pa gari. Fundi hakuja. Alikuja mke wake na mfuko wa karatasi, na ndani yake kulikuwa na mayo yake, imefuliwa, imepigwa pasi, na pale kwapani ilipokuwa imechanika ameshona vizuri kwa uzi wa kijani. Mama yule alisema mume wake anatuombea safari njema, basi. Tuliposhika njia ya milima ya Ngomo kwenda Bukavu, kiti chake kilikuwa na mifuko yetu.

Huko Bukavu sisemi mengi. Tulirudi, na baada ya mwaka mmoja ekipi ilikufa yenyewe. Mfungaji aliondoka kwenda kutafuta maisha, Kocha alihamishwa. Mimi nilibadilisha njia ya kwenda dukani ili nisipite kwenye kibanda cha Fundi. Miaka sita. Suruali zangu nilipeleka kwa fundi mwingine wa Songo, aliyekuwa anamaliza siku ileile aliyosema, na kila nilipokuta suruali iko tayari nilimchukia bure. Nilisikia kwamba Fundi hakukanyaga kiwanja tena. Nilisikia pia kwamba macho yamemchoka, uzi hauingii kwenye sindano.

Mwezi uliopita nilikwenda bandarini Kalundu kuchukua matairi. Nikamkuta amekaa kwenye kivuli cha ghala, mbele yake mashini imefungwa kwenye shuka. Anangoja boti ya kwenda Baraka, anakwenda kuishi kwa binti yake. Amezeeka. Mgongo ni uleule mpana, kichwa ndicho kimekuwa cheupe. Aliniona kabla sijaamua kujificha, akanifanyia nafasi kwenye gogo.

Tulisalimiana, tukaulizana habari za watu wa zamani. Kisha nikasema kile nilichokuwa nakibeba. "Fundi, siku ile na Kavimvira, minye nilidanganya."

"Minye nilikuwa pale," akasema.

Nikamwambia kwamba nilimwona alivyonitazama na nikajua alichotaka. Nikamwambia kwamba miaka yote hii nimekuwa napita barabara nyingine, na kwamba naomba anisamehe. Alinisikiliza, mkono wake uko juu ya mashini.

"Weye ulisema mara moja," akasema. "Minye, arbitre aliniuliza mara mbili."

Hakusema kwa uchungu. Alisema tu, kama mtu aliyeshalipima jambo zamani akajua ukubwa wake. Tukakaa tukiwatazama watu wanaopakia magunia ya unga, kisha akanigeukia.

"Nikuulize kitu. Kile kiwanja ya Bukavu, iko ya mbao kweli? Balikuwa banasema iko ya mbao, mupira unaruka wenyewe."

Mfungaji ndiye aliyekuwa akieneza hayo mazoezini, na sote tulimcheka. Sikujua kwamba Fundi alikuwa anasikiliza. Akasema alikuwa anatamani akimbie juu ya mbao mara moja tu, aone kama magoti yataumia vilevile, na hakumwambia mtu kwa sababu alikuwa mzee kuliko sisi na aliona aibu. Kwa hiyo kati yetu kumi na wawili, aliyeitaka Bukavu kuliko wote alikuwa yule aliyebaki.

Nilikuwa na majibu mawili mdomoni. Ningemwambia ndiyo, mbao tupu, inang'aa, akaenda Baraka na picha yake, na huko hakuna ambaye angemsahihisha. Nilifikiri pia kwamba kujua alikosa kiwanja kama hicho kungemwumiza zaidi. Nikajikuta napima tena ni neno gani litanifaa, kama siku ile, na nikaona aibu.

"Hapana," nikamwambia. "Iko ya sima, sawa yetu. Upande moja imepasuka. Na siku ya kwanza tu balitupiga, tukarudi."

Aliangalia ziwa. "Sima," akasema polepole. Kisha akaanza kucheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja bila kujificha.

Wakaita watu wa Baraka. Nilishika mashini upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukaipandisha kwenye boti, ni nzito kuliko inavyoonekana. Alipopata mahali pa kukaa alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti kwa kuniambia, Kapiteni," akasema.